Kundi la Wasomaji

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. U hali gani? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa huku ukidai ni vumbi? Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mama yupo. Jicho la kushoto limezidi ukungu, sasa ananijua kwa hatua zangu, na akikosea ananiita kwa jina lako. Simsahihishi tena. Naitika tu.

Najua utasema kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kujuliana hali. Barua nikiiandika naipumzisha, naisoma tena asubuhi, na kama nimetukana nafuta.

Basi kuna jambo. Unajua masjala ya hospitali nimekaa miaka ishirini na miwili. Daktari akitaka faili la mgonjwa haulizi faili liko wapi, anauliza Mama Faili yuko wapi. Sasa Desemba wakaleta mashine. Seva, wanaiita. Wameifungia kwenye chumba chenye baridi kushinda chumba cha maiti, na habari za wagonjwa wote wameziingiza humo. Mimi sikununa. Nilisali, nikasema haya, ndivyo dunia inavyokwenda. Wakatufundisha siku tatu, kila mtu akapewa jina la kuingilia na neno la siri.

Siku ya kwanza ya kazi daktari wa watoto akaniomba nirekebishe tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa, ilikuwa imeandikwa kombo. Jambo ambalo nimelifanya kwa kalamu mara elfu. Nikaandika jina langu, nikaandika neno la siri, faili likafunguka, nikabonyeza pale pa kurekebisha. Mashine ikaniandikia kwa herufi nyekundu: HUNA HAKI.

Maneno mawili tu, mbele ya daktari, wauguzi wawili na mgonjwa mwenye mkono kwenye plasta. Nimezika mume, nimegombana na mabosi wanne, hakuna aliyewahi kunitamkia kwamba sina haki. Nimekuja kuambiwa na kabati la chuma. Daktari akacheka, akasema kumbe hata Mama Faili. Nikacheka naye. Kisha nikaenda chooni, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Mwenye haki ni binti mmoja waliyemleta pamoja na mashine, cheo chake msimamizi wa mfumo. Ningeweza kumzaa. Kimoyomoyo nimempa jina la Bi Nywila, maana nywila ndivyo anavyoliita neno la siri. Ana mtoto mchanga nyumbani, na kompyuta anaibeba kwapani kama mkoba. Akibonyeza yeye, milango yote inafunguka. Wakubwa wakipita masjala siku hizi wanamsalimia yeye kwanza, mimi napewa kile kinachobaki mdomoni. Na kutwa yuko kwenye simu na mtu anayemwita dada. Dada, imegoma. Dada, hapa nifanyeje. Dada nawe, utanivunja mbavu. Anacheka mpaka kiti kinalia. Mungu anisamehe, nikimsikia anavyocheka roho inanikunjamana kama karatasi iliyolowa.

Wewe ndiyo kazi yako hii. Nieleze kwa maneno ya mtu aliyeacha shule mapema: mashine inaamuaje nani ana haki na nani hana? Na hiyo orodha huandikwa na nani?

Mama anauliza unakuja lini.

Dada yako.


Tarehe 27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua kimepoa, nashukuru, na kweli lilikuwa vumbi. Watoto hawajambo, mkubwa yuko kwenye mitihani na amekuwa mkali kama mwalimu. Mpe Mama pole ya jicho. Asilisugue kwa kanga, mwambie nimesema mimi.

Sasa swali lako. Kukifunga chumba ni kinga ya kwanza, lakini kinga yenyewe hasa imo ndani, kwenye kitu tunachokiita mfumo endeshi, yaani ile akili inayoiongoza mashine. Kompyuta ya mezani inamtumikia mtu mmoja, inamzoea. Seva inatumikia mamia kwa wakati mmoja na haimzoei mtu. Kila anayebisha inataka kujua mambo matatu. Kwanza, wewe ni nani: ndiyo kazi ya jina na neno la siri. Pili, umeruhusiwa nini, maana kusoma ni kitu kimoja, kuandika ni kingine, na kuwagawia wengine ruhusa ni kingine kabisa. Tatu, umefanya nini. Hilo halikuulizi, linakuandika. Kuna daftari la matukio ambamo kila kitu kinaingia: jina, saa, kilichoguswa. Msimamizi mwenyewe hawezi kulifuta, kwa sababu nakala yake inapelekwa papo hapo kwenye mashine nyingine iliyo mbali.

Watu hawapangiwi mmoja mmoja, wanawekwa kwenye makundi. Wewe nadhani uko kundi la wasomaji: unaona kila faili ila huandiki. Wapo waandishi, wapo wasimamizi. Juu ya wote kuna jina moja tunaloliita mzizi, lisilokatazwa chochote. Neno lake la siri hatembei nalo mtu kichwani, linatiwa kwenye bahasha na bahasha inafungiwa kwa mkubwa wa mahali. Kanuni yetu ni kwamba mtu apewe kile tu ambacho kazi yake inahitaji. Haina maana kwamba haaminiki. Ni kwamba mwizi akiliiba jina lake, aondoke na kidogo.

Na hilo neno haki, dada, ni uzembe wa mfasiri. Walitaka kusema ruhusa. Usilibebe moyoni.

Orodha huandikwa na wanaofunga mfumo, wakishauriana na hospitali. Ndivyo inavyokuwa kila mahali.

Nikipata likizo nitakuja.

Wako.


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mitihani imekwishaje? Hapa tu wazima. Mama nilimsomea barua yako yote, mpaka mambo ya mzizi na bahasha, akasikiliza kama mahubiri. Nilipomaliza akasema, kweli mwanangu amesoma. Nikamuuliza Mama, unadhani nani aliyekuwa anasoma hapa? Akacheka, akasema wote mmesoma.

Nakushukuru kwa maelezo. Nimeyaelewa kuliko unavyofikiri. Niligundua kwamba masjala yangu ilikuwa hivyohivyo, ila daftari la matukio lilikuwa kichwani mwangu.

Bi Nywila tumezoeana, kwa nje. Ananiita mama. Saa sita na nusu mchana anakwenda nyumbani kumnyonyesha mtoto, ni hapo nyuma ya hospitali, na anaponyanyuka ananiambia mama, niangalizie. Basi nakaa naiangalizia. Mashine yake anaiacha wazi.

Nina maswali mawili, na moja ni la zamani, hukulijibu. Hao wanaofunga mfumo na kuandika orodha, wana majina? Wana ndugu? Au ni watu waliotoka mbinguni? La pili, mtu akitazama tu kwa macho, bila kugusa, mashine inaandika?

Kuna maneno niliyasoma mahali fulani, ya kwamba mtu ana mkono wa karatasi. Ulishawahi kuyasikia? Nimeyafikiria sana. Hata kwenye ibada yananijia, nasahau nilipofika.

Dada yako.


Tarehe 6 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Kazi zimeniandama, wiki mbili nimekuwa safarini.

Kutazama nako kunaandikwa. Dada, nakuomba sana, usikae kwenye mashine ya mwenzako ikiwa wazi. Mwambie aifunge kila anaponyanyuka, ni kubonyeza mara mbili tu. Seva inalijua jina lililoingia, haiujui mkono ulio juu ya kibodi.

Hayo mengine tutayaongea tukionana. Mbusu Mama.

Wako.


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote hapo. Mama hajambo, jicho litatazamwa na daktari mwezi ujao. Barua yako imenifikia siku mbili baada ya kisa nitakachokusimulia, kwa hiyo ushauri wako ulikuta mambo yamekwishakuwa.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, hospitali nzima ilifungiwa nje. Daktari wa watoto, yule aliyenicheka, kafungua mashine: HUNA HAKI. Maabara, huna haki. Famasi, huna haki. Wodi ya wazazi, huna haki, na watoto wanazaliwa hawasubiri. Bi Nywila akaja mbio, akaandika jina lake, mashine ikamkana. Nilimwona akiliandika mara tatu. Ile bahasha ya mzizi uliyoniambia ilikuwa kwenye kasha la Mkuu wa hospitali, na Mkuu alikwenda mkutanoni mji wa jirani na ufunguo wake mfukoni. Alirudi saa nane mchana.

Kutoka saa mbili hadi saa nane, mdogo wangu, hospitali iliendeshwa na masjala. Nikafungua chumba, mafaili yangu ya karatasi bado hawajayatupa. Kina mama wa usafi wakawa wajumbe wangu. Mimi nasimama katikati nasema rafu ya nne, kushoto, lile lenye doa la chai. Kuna mama alikuwa tayari amelazwa kwenye kitanda cha upasuaji na daktari hajui kundi lake la damu wala dawa zinazomdhuru. Nikalitoa faili lake kwa dakika nne. Daktari wa watoto mwenyewe alibeba mafaili kichwani, sikwambii uongo, kichwani.

Mkuu aliporudi na kufungua ile bahasha, mambo yakarejea. Akaja masjala, akanishika mkono mbele ya watu, akasema: "Mama Faili, leo seva ni wewe." Watu wakapiga makofi. Nimesubiri miaka ishirini na miwili kusikia makofi yale.

Bi Nywila yuko matatani. Daftari la matukio linasema orodha ya ruhusa ilivurugwa Jumatatu, saa saba kasoro dakika ishirini mchana, kwa jina lake. Ameitwa mbele ya kamati tarehe 20 Juni na wanasema atafukuzwa. Anaapa kwamba saa hiyo alikuwa nyumbani ananyonyesha, lakini shahidi wake ni mtoto wa miezi mitano. Anasema pia yuko mtu aliyekuwa anaongea naye kwenye simu, ambaye anaweza kumsemea. Huyo mtu mpaka leo kimya. Unamwonaje mtu wa namna hiyo, mdogo wangu, anayejua jambo na hasemi?

Namhurumia binti. Lakini aliyetaka mamlaka ndiye wa kuulizwa.

Mama nimemsomea habari za makofi. Amefurahi. Ameniita kwa jina langu.

Dada yako.


Tarehe 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za nyumbani. Si kwamba sizitaki, ila nikianza nazo nitaishia nazo.

Daftari la matukio la hospitali yenu liko mezani kwangu. Ile mashine ya mbali inayopokea nakala iko kwenye chumba kilicho chini ya ofisi yangu. Kampuni ninayofanyia kazi ndiyo iliyofunga mfumo wenu, na orodha ya makundi niliiandika mimi. Sikukwambia. Nilijiambia ni kwa ajili yako, watu wasije wakasema umependelewa. Sasa nikiangalia, wala hukupendelewa.

Yule mtu wa kwenye simu pia ni mimi. Nilimfundisha binti yule kazi mwaka mzima, tumezoeana, ananiita dada. Jumatatu ile, saa saba kasoro dakika ishirini, alikuwa ananieleza matatizo ya mashine ya kuchapishia, na mtoto alikuwa analia mpaka nikamwambia amweke kwanza titini. Hakuwa kwenye meza yake. Amenisihi niiandikie kamati. Sijaandika.

Sijaandika kwa sababu ya mstari mmoja humu kwenye daftari. Watu mia na kumi na sita waliondolewa ruhusa kwa mpigo mmoja. Dakika moja kabla ya hapo, mtu mmoja aliongezewa. Mmoja tu, alitolewa kundi la wasomaji akaingizwa kundi la waandishi. Waliorudisha orodha kutoka kwenye nakala ya akiba hawakuusoma mstari ule, walikuwa na haraka. Mimi nimeusoma.

Sikuulizi kitu. Barua yangu kwa kamati lazima iondoke hapa tarehe 15. Ningependa, dada, kuwe na mtu aliyesema kabla yangu.

Wako.


Tarehe 13 Juni

Mdogo wangu,

Sijambo na si mzima. Nimefunga siku tatu, nimeomba, na leo asubuhi nimekwenda kwa Mkuu kabla ya kuiandika hii, usije ukasema nimesukumwa na kalamu yako.

Sikiliza basi, nikueleze kwa mpangilio.

Mwezi wa tatu, siku moja, binti aliniachia mashine wazi. Nilitaka kujua tu anaandika nini juu yangu. Nikaona barua zake za kompyuta, na chini ya moja nikaona jina lako. Nilidhani ni jina linalofanana. Nikasoma. Ulimwandikia hivi: mtu mzima wa masjala mweke kundi la wasomaji, mkono wake ni wa karatasi, akipewa kuandika atatuharibia. Na mwisho ukamwandikia, nakupenda, mdogo wangu. Mimi unaniandikia barua tatu kwa miezi minne, zote zinaishia "wako", kama za benki. Yeye mnacheka naye kila siku, unamlea kwa simu, unamwita kwa jina ninalokuita mimi. Wivu nilionao si wa kazi, utake usitake. Ya kazi nilizoea kuyachukia kidogokidogo. Hili lilinichoma kama mafuta ya moto.

Nikakaa nalo wiki sita. Nikakuuliza kwa mzunguko, ukanikwepa. Jumatatu ile, alipoondoka, orodha yenyewe ilikuwa wazi kwenye kioo. Nikatafuta jina langu. Nikalitoa kwa wasomaji nikalitia kwa waandishi, mkono huuhuu wa karatasi. Juu kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa kundi zima. Nikadhani inaulizwa kama kundi zima limekubali, kama tunavyofanya kwenye kikao. Nikatia alama. Nikathibitisha, kumbe alama ile iliwaondolea ruhusa wengine wote. Kioo hakikubadilika, nikajua nimeshindwa, nikarudi kitini. Binti akarejea na doa la maziwa begani, akasema ahsante mama.

Mashine ilishika mabadiliko ilipojiwasha upya alfajiri. Nawe hujui lililobaki, maana nalo nimelificha. Asubuhi ile kelele zilipoanza, nilifungua mashine yangu. Ikafunguka. Faili likafunguka, pa kurekebisha pakafunguka. Hospitali nzima mwenye haki nilikuwa mimi peke yangu. Niliizima haraka kama niliyeona nyoka, nikachukua ufunguo, nikaenda kuwaokoa watu kwa karatasi. Yule mama wa kwenye kitanda cha upasuaji, faili lake ningeweza kulitoa kwa sekunde kumi. Nilitumia dakika nne, na kwa dakika hizo nikapigiwa makofi.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri, yote yakatoroka. Nikamwambia: "Wivu." Akaniambia niyaandike yote, nitie sahihi, nirudi nyumbani mpaka niitwe.

Kisha nikamtafuta binti. Alikuwa kwenye kile chumba cha baridi, amejifunika koti. Nikamwambia. Hakulia wala hakufoka. Alisema: "Nilikuwa naiacha wazi kwa sababu ni wewe." Nikatafuta pa kutazama, mle ndani hakuna dirisha.

Haya, nimetangulia kama ulivyopenda. Sasa na wewe nijibu moja tu, bila kanuni na bila seva. Maneno ya mkono wa karatasi uliyaandika kwa nini?

Dada yako.


Tarehe 1 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ofisini, nikatoka, nikaenda kusimama kwenye ngazi mpaka watu wakaniuliza kama naumwa.

Haikuwa kanuni. Kanuni ingekupa kuandika, kwa sababu kurekebisha tarehe na majina ndiyo kazi yako ya siku zote. Ilikuwa hivi. Yale mafunzo ya siku tatu yalirekodiwa, tukayatazama hapa ili tujue nani awekwe wapi. Ukaonekana wewe. Ulikuwa unabonyeza kwa kidole kimoja, na kila kabla ya kubonyeza unasema kwa jina la Mungu, kwa sauti. Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema huyu tukimpa ruhusa ya kuandika tutahitaji na kasisi, na shehe, na mganga. Hakuna aliyejua kwamba ni wewe. Sikuwaambia. Nilicheka nao, dada. Halafu nikakaa nikayaandika yale maneno, kwa binti yule, ambaye angeyafuata bila kuuliza.

Niliona aibu. Ndilo jibu, sina jingine. Wewe ndiye uliyenishika mkono kunifundisha herufi, na mimi niliuonea aibu mkono huo mbele ya watu ambao hata sili nao.

Kamati nimeiandikia niliyoyasikia kwenye simu na niliyoyaona kwenye daftari, na pia kwamba orodha ilikuwa na kosa tangu mwanzo na kosa ni langu. Bosi wangu nimemwambia kwamba mimi na wewe ni ndugu na nilificha. Amenitoa kwenye kazi ya hospitali yenu, amepewa mwingine. Binti sijampigia. Sijui nianzie wapi.

Nimeomba likizo. Nitakuja Agosti nikiruhusiwa, na nitakuja nikiwa sina la kujitetea. Kama hutaki nifikie kwako, sema, nitamwona Mama na kuondoka.

Wako, na sijui niandike nini badala yake.


Tarehe 28 Julai

Mdogo wangu,

Salamu, na natumaini mu wazima. Mama amefunguliwa jicho. Ukungu umetoka. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba nimezeeka, cha pili akataka kioo, akasema kumbe na yeye.

Kamati imekaa. Binti amebaki kazini, amepewa onyo kwa kuacha mashine wazi. Mimi nimetolewa masjala. Nimepewa mapokezi, nawaelekeza watu chumba namba fulani. Mashine sitaigusa tena mpaka nistaafu, imeandikwa hivyo na nimetia sahihi. Nilidhani nitakufa. Sikufa. Wagonjwa bado wananiita Mama Faili na siwakatazi.

Barua yako nimeisoma peke yangu, Mama sikumsomea. Sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Kila nikipiga magoti naanza vizuri, nikifika pale ulipocheka nao nakwama, naanza upya. Mungu anajua kwamba naanza upya kila siku. Kuja uje, na kufikia ni hapa, kitanda chako kipo palepale karibu na cha Mama. Nitakununia siku mbili tatu, uvumilie.

Sasa nina ujumbe, na usidhani ni rahisi kuufikisha. Juzi binti alikuja mapokezi. Siku hizi ananiita bibi mapokezi, mama limekwisha. Akasimama kama mgonjwa mwenye aibu, akaniuliza kama wewe, dada yake, umemkasirikia. Anasema huyo fundi mpya waliyempa akiulizwa jambo anajibu kwa neno moja na kukata simu. Seva imemshinda mara mbili mwezi huu, na kukupigia wewe anaogopa. Nikamwambia mimi si karani wa posta. Akaondoka. Nilifurahi, mdogo wangu, nilifurahi kabisa, nusu saa nzima. Halafu nikaacha dawati, nikamfuata mpaka kwenye mlango wa chumba cha baridi, nikamwambia nitakuandikia.

Basi ndiyo nimeandika. Mpigie. Msaidie kama ulivyokuwa unamsaidia, na mkicheka mcheke, mimi niko mapokezi, siwasikii.

Ila mimi uniandikie kwanza. Barua yangu ifike hapa kabla simu yake haijalia. Nijibu upesi.

Dada yako.